Uyoga wa Kuchoma: Oveni, Mkaa au Kikaango?

Umenunua uyoga. Pakiti moja au mbili ziko mezani, wali au ugali unakaribia kuiva, na unataka uyoga huo uwe mboga ya pembeni tu: kingo za kahawia, katikati laini, chumvi ya kutosha, basi. Hutaki rojo, hutaki nazi, hutaki nyanya. Swali linalobaki ni utumie moto gani. Nyumba nyingi za kwetu zina angalau njia moja kati ya tatu, yaani oveni, jiko la mkaa na kikaango juu ya gesi, na kila njia ina watu wanaoitetea kwa nguvu zote. Mimi napikia zote tatu na sioni haja ya kuzigombanisha. Zinatofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni jinsi zinavyoyaondoa maji. Ukilielewa hilo, kuchagua kunakuwa kazi nyepesi.

Tatizo lenyewe ni maji

Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Maji yakiwa bado yako juu ya kipande, joto la kipande hicho haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, kwa kuwa nguvu ya moto inaishia kuyageuza mvuke. Ile rangi ya kahawia, na ile harufu inayokaribiana na ya nyama choma, huanza kuja kwa kasi pale joto la juu ya kipande linapofika nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana uyoga uliolowa hauchomeki. Unachemka. Trei iliyosongamana, mkaa uliolegea, kikaango kilichojazwa hadi kingoni: vyote vinakufikisha mahali pamoja, kwenye vipande vya kijivu vinavyoteleza ndani ya maji yao wenyewe. Wengi wanaosema hawapendi uyoga, nikiwauliza, walilishwa huo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba uyoga ni mvumilivu. Mchicha ukiuzidishia dakika tano umekwisha, bilinganya hugeuka uji, lakini kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kinachopatikana kwenye maganda ya kamba na ya wadudu, nacho hakilainiki ovyo kwa joto la jikoni. Ukiuacha dakika kumi zaidi hautarojeka. Kwa hiyo mpishi anayeanza ana nafasi kubwa ya kusubiri hadi maji yaishe, na kusubiri huko ndiko kunakoleta ladha.

Vigezo

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: ladha na rangi unayopata, muda, pamoja na kiasi unachotakiwa kusimama jikoni, idadi ya watu unaoweza kuwalisha kwa mkupuo mmoja, nishati na vyombo, halafu aina ya uyoga inayoelewana na moto huo. Mwisho wa kila moja nasema inamfaa nani. Kwa hesabu ya chakula, chukua gramu 125 hadi 150 za uyoga mbichi kwa mlaji mmoja. Usishangae zikionekana nyingi kwenye bakuli, maana zikichomeka hubaki nusu au chini ya nusu ya uzito huo.

Kabla ya moto, uyoga upi?

Sokoni na supamaketi utakutana zaidi na aina mbili za kulimwa. Ya kwanza ni vifungo, ule wa mviringo uliobana, mweupe au wa kahawia. Ule mkubwa mpana unaouzwa kwa bei ya juu kwa jina la portobello ni aina hiyo hiyo ya kahawia iliyoachwa ikomae mpaka kofia ikafunguka, kwa hiyo usidhani umenunua kiumbe kingine. Vifungo vina nyama nzito, vinahitaji muda mrefu, na vinatoa maji mengi kwa ghafla.

Ya pili ni mamama, ule unaoota kwa mashada, wenye kofia pana nyembamba na mistari chini yake. Huu ndio wakulima wengi wadogo wanaoulima kwenye mifuko ya majani makavu, mabua ya mpunga au mabaki ya pamba, kwa sababu hauhitaji mboji ya kutengenezwa kama vifungo. Mamama ni mwembamba, unachanika kwa mkono kufuata nyuzi zake, na unashika rangi haraka sana. Ukiniuliza kwa ladha ya kuchoma tu, mimi naupenda mamama kuliko vifungo. Kingo zake hukauka na kuvunjika mdomoni huku shina likibaki na utafuno. Lakini hauvumilii kukaa: siku mbili, tatu kwenye friji, wakati vifungo hufika tano hivi. Aina zote mbili zitunze kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa unyevu hukwama na uyoga huanza kuteleza.

Kuna pia uyoga wa porini, ule unaouzwa kandokando ya barabara mvua za kwanza zikinyesha kwenye nchi ya miombo, kuanzia nyanda za juu kusini mwa Tanzania hadi Katanga. Mwingine huota juu ya vichuguu, ukilishwa na mchwa wenyewe, na ladha yake haina mfano. Nunua kwa mtu anayeujua, aliyekulia kuula, na uuivishe kabisa. Usiuokote mwenyewe kwa kufananisha na picha. Sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki kwa kuchomwa wala kuchemshwa, na dalili zake zinaweza kuchelewa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi, wakati ini limeshaanza kuumia. Ile habari ya kutumbukiza sarafu au kijiko cha fedha kwenye sufuria ili kuona kama kitageuka rangi haina ukweli wowote. Imeua watu. Kuanzia hapa ninazungumzia vifungo na mamama.

Kuhusu kuosha: wapo wanaokataza kabisa maji yasiuguse uyoga. Ukiusuuza haraka ukiwa mzima, kisha ukaufuta kwa kitambaa kikavu, maji unayoongeza ni machache mno ukilinganisha na yale uliozaliwa nayo. Kinachoharibu ni kuuloweka kwenye beseni, au kuosha vipande vilivyokwisha kukatwa. Mamama wa mkulima unayemwamini mara nyingi hauhitaji zaidi ya kupanguswa na kukatwa kitako kile kigumu kilichoshikana na majani.

Oveni

*Ladha na rangi.* Oveni huchoma pande zote kwa wakati mmoja. Kipande kinasinyaa taratibu, ladha inajikusanya ndani, na unapata uyoga mzito, mtamu wa chumvichumvi, wenye rangi iliyokolea upande uliogusa trei. Moshi hakuna. Kwa vifungo, hii ndiyo njia inayoleta ladha nene kuliko zote tatu.

Washa nyuzi 220, au 200 kama ina feni, na uache trei ndani ipate moto. Kata vifungo nusu, vikubwa robo. Vichanganye kwenye bakuli na vijiko viwili vya chakula vya mafuta kwa kila gramu 500, pamoja na chumvi kidogo. Vimwage kwenye trei ya moto na kuvipanga upande uliokatwa ukiangalia chini, kila kimoja kikiwa na nafasi yake. Kwenye dakika ya 10 au 12 utafungua mlango na kukuta vimezama kwenye maji. Hapo wengi hukata tamaa na kuzima. Usizime. Maji hayo yatakauka, na yakikauka ndipo uchomaji wenyewe unapoanza. Kama ni mengi mno, yamimine kwenye kikombe, yaongeze kwenye maji ya wali au mchuzi wa kesho, maana ni supu safi ya uyoga. Geuza vipande mara moja, baada ya dakika 18 hivi. Kwenye dakika 25 hadi 30 vitakuwa tayari. Mamama uliochanwa kwa mkono unatosha dakika 15 hadi 20, na kuanzia ya 12 usiupe kisogo.

*Muda na kusimama.* Ukijumlisha kupasha oveni, ni dakika 40 hadi 45. Lakini unazotakiwa kuwa jikoni hazifiki kumi. Zile nyingine unasonga ugali, unakata kachumbari, unamwogesha mtoto.

*Idadi.* Hapa oveni inaziacha mbali nyingine. Trei ya kawaida ya sentimita 30 kwa 40 inabeba gramu 500 bila kusongamana. Trei mbili, zikibadilishana nafasi katikati ya safari, zinalisha watu wanane.

*Nishati na vyombo.* Oveni nyingi ndogo za mezani hutumia wati 1,200 hadi 2,000. Ya wati 1,500 ikiwaka dakika 40 mfululizo ni uniti moja ya umeme, na kwa vile hujizima na kujiwasha ikishafikia joto lake, kwa kawaida inakuwa chini ya hapo. Sidhani kama hilo ni kubwa, hasa ukiingiza na viazi au kuku kwenye moto huo huo. Kubwa zaidi ni kwamba umeme ukikatika katikati, uyoga unabaki kwenye maji yake. Kama mtaani kwenu jioni hazitabiriki, uwe na mpango wa pili.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni, mwenye mambo mengine jikoni, mwenye vifungo, na mtu anayechoma uyoga kwa mara ya kwanza.

Jiko la mkaa

*Ladha na rangi.* Moshi ndio kila kitu hapa. Matone ya mafuta na maji ya uyoga yakidondokea makaa, yanapanda tena kama moshi na kukaa juu ya vipande, na harufu hiyo haipatikani kwa oveni wala kikaango hata utie viungo gani. Tena maji hayana pa kukusanyika: yanadondoka kupitia wavu na kupotea. Lile tatizo la kuogelea halipo kabisa.

Mengi hutegemea hali ya makaa. Ukiweka uyoga wakati moto bado una ndimi, nje utaungua na ndani utabaki mbichi wenye harufu ya mafuta ya taa au ya karatasi uliyowashia. Subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe. Kisha weka kiganja juu ya wavu, kama sentimita 15 hivi. Ukiweza kuhesabu hadi tatu au nne kabla hujautoa mkono, moto umefaa. Chini ya mbili ni mkali, tawanya makaa. Zaidi ya sita umelegea, pepea.

Vifungo vikubwa na portobello ndivyo vinavyostahili wavu, tena vikiwa vizima. Ng’oa shina, pakaza mafuta pande zote, laza kofia huku tundu likiangalia chini kwa dakika tatu au nne, kisha geuza. Sasa tundu liko juu, na ukitazama kwa karibu utaona vijitone vikijitokeza kwenye mistari ya ndani, kimoja kimoja, hadi tundu linajaa maji ya rangi ya chai. Usiyamwage. Tia humo kipande kidogo cha siagi iliyopondwa na kitunguu saumu, na punje za chumvi. Kikianza kutokota polepole ndani ya kofia, na kingo zikakunja na kupata weusi kidogo, toa kwa koleo bila kuinamisha. Mchuzi wote umo ndani, na anayekula anaupata kwa tonge la kwanza.

Vifungo vidogo vitapita katikati ya wavu, kwa hiyo vitunge kwenye vijiti vya mishikaki vilivyolowekwa nusu saa, ukichagua vyenye unene unaolingana. Mamama usiuchane. Chukua shada zima likiwa na kitako chake, lipakaze mafuta, liweke juu ya wavu na uligandamize kwa mfuniko mzito wa sufuria. Dakika nne upande huu, nne upande ule, kisha lipasuliwe mezani kama mtu anavyogawa nyama. Kwa macho yangu hakuna mboga ya pembeni inayoleta heshima zaidi ya hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

*Muda na kusimama.* Uyoga wenyewe dakika 8 hadi 12. Makaa kukolea, dakika 20 hadi 30. Na katika zile za uyoga huondoki: unageuza, unapepea, unahamisha.

*Idadi.* Jiko dogo la duara lina nafasi ya watu watatu au wanne. Jiko la nyama choma la pipa lililokatwa linalisha ukoo.

*Nishati na vyombo.* Kuwasha mkaa kwa ajili ya uyoga peke yake ni ufujaji wa mkaa na wa jioni yako. Lakini kama makaa yamewashwa kwa nyama, mahindi au ndizi, uyoga unaingia bure kabisa: usubiri nyama ikitoka kupumzika, upitishe uyoga juu ya makaa yale yale yaliyotulia. Na tafadhali, jiko la mkaa liwe uani au barazani penye hewa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na dirisha lililofunguliwa nusu halitoshi kuwalinda waliomo chumbani.

*Inamfaa nani.* Anayechoma nyama tayari, mwenye uyoga mkubwa au mashada ya mamama, na asiyekula nyama anayetaka naye ale kitu chenye moshi pamoja na wenzake. Katika Ijumaa za Kwaresima, Mkatoliki anayeacha nyama atapata hapa sahani isiyomfanya ajisikie kanyimwa.

Kikaango

*Ladha na rangi.* Mguso wa moja kwa moja na chuma cha moto huleta gamba la kahawia kwa haraka, hasa upande mmoja. Ladha yake ni kali na ya juujuu, si nene kama ya oveni. Pia hapa ndipo unapoweza kumalizia kwa siagi na majani mabichi ndani ya chombo kimoja.

Kuna namna mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni moto mkali na kikaango kizito. Kipashe hadi tone la maji likirushwa linakimbiakimbia, tia kijiko cha chakula cha mafuta, tandaza uyoga safu moja, kisha ukae na mikono yako. Wengi hukoroga mfululizo kwa wasiwasi, na kila ukikoroga unakiondoa kipande kwenye moto kabla hakijashika rangi. Sikiliza zaidi ya unavyotazama. Mwanzo kuna mlio mkali. Baada ya dakika mbili unapooza, unakuwa wa kutokota, kwa sababu maji yametoka. Ongeza moto. Baadaye mlio unabadilika tena, unakuwa wa kutatarika, mkavu, na hapo ujue maji yameisha na uyoga unachomeka kweli. Geuza sasa, si kabla. Chumvi itie hapa.

Ya pili ni ya kuanza na maji, na inawashangaza wengi. Weka uyoga kwenye kikaango pamoja na robo kikombe cha maji, bila mafuta, moto mkali. Uyoga mbichi una matundu ya hewa yanayofyonza mafuta kila unapoyamimina, ndiyo maana watu hujikuta wameongeza mara tatu. Ukiuchemsha kwanza, matundu yale yanaporomoka. Maji yakikauka baada ya dakika tano au sita, vipande vimeshasinyaa na havina nafasi ya kunywa mafuta. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuvimalizia rangi. Kwa anayepunguza mafuta kwa ushauri wa daktari, sijaona namna iliyo bora kuliko hii.

*Muda na kusimama.* Dakika 10 hadi 14 kwa jumla, na unakuwa hapo hapo karibu muda wote.

*Idadi.* Huu ndio udhaifu wake. Kikaango cha sentimita 28 kinachukua gramu 250, yaani pakiti moja ya kawaida, watu wawili. Ukitia 500 kwa pamoja umepika supu. Kwa watu sita ni awamu tatu au nne, na ya kwanza itakuwa imepoa ya mwisho ikitoka.

*Nishati na vyombo.* Gesi kidogo, umeme hauhitajiki. Chuma kizito au stili yenye kitako kinene ndicho kinachofaa. Kama kikaango chako ni cha tefloni, usikiache kitupu juu ya moto mkali, kwa sababu utando wake huanza kuharibika ukipita nyuzi 260. Tumia ile namna ya kuanza na maji, ambayo haihitaji kukipasha kitupu.

*Inamfaa nani.* Anayeishi peke yake au wawili, aliyerudi kazini saa mbili usiku, mwanafunzi mwenye jiko moja la gesi. Aina zote mbili za uyoga zinakubali, ila mamama uwe umechanwa vipande vya upana wa vidole viwili.

Mwenye kikaangio cha hewa ya moto aelewe kwamba hiyo ni oveni ndogo yenye feni kali. Nyuzi 190, dakika 10 hadi 14, ukitikisa kikapu mara mbili, gramu 250 kwa mkupuo. Mamama mwepesi utarushwarushwa na hewa na kuungua ncha, kwa hiyo uchanganye vizuri na mafuta kabla ya kuutia, na vipande visiwe vyembamba mno.

Viungo, na vikae lini

Hapa njia zote zinafuata sheria moja. Kitunguu saumu kisagwe au kukatwakatwa na kuingia dakika tatu za mwisho, kwa kuwa kikitangulia kitaungua na kuwa kichungu kabla uyoga haujapata rangi. Ndimu inakamuliwa ukishaepua. Giligilani, au dania kwa majirani zetu wa Kenya, inyunyizwe mezani. Pilipili manga ya kusaga muda huo huo inatosha peke yake. Ukipenda, kijiko cha chai cha sosi ya soya mwishoni huongeza kina, sababu uyoga wenyewe una glutameti ya asili, kile kitu kinacholeta ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, na viwili hivyo vinasukumana, ila punguza chumvi. Sipendi kuweka bizari ya pilau au vikolezo vya pakiti kwenye uyoga wa kuchoma. Vinafunika kile ulichohangaikia nusu saa nzima.

Kwa hali yako

Mpo wawili, usiku wa katikati ya wiki, pakiti moja ya vifungo: kikaango. Kabla maji ya ugali hayajachemka, uyoga utakuwa umeanza kutatarika.

Wageni sita au zaidi na una oveni: trei mbili, anza dakika 45 kabla ya kukaribisha watu mezani. Ukishatoka unavumilia robo saa nje bila kuharibika, mradi usiufunike. Mfuniko unarudisha mvuke na kulegeza kingo.

Wageni sita na huna oveni: usijitese na awamu nne za kikaango. Washa mkaa, tunga mishikaki, na uyoga uwe sehemu ya choma yenyewe pamoja na ndizi na kachumbari.

Umepata mamama mbichi kwa mkulima, mashada makubwa yasiyovunjika: mkaa kwanza, oveni pili. Ukiuweka kwenye kikaango utakula vizuri, ila utakuwa umeuchana uzuri wake.

Unapunguza mafuta: kikaango kwa namna ya maji. Umeme wa kwenu hauaminiki: mkaa au gesi, na oveni iwe ya mchana wa Jumapili. Una watoto wadogo wanaokukimbilia miguuni: oveni, kwa sababu haikutaki usimame mbele ya moto.

Unaandaa chakula cha kubeba kazini kesho: oveni tena, ukiongeza dakika tano juu ya kawaida ili ukauke zaidi, maana uyoga uliochomwa juujuu hutoa maji usiku kucha ndani ya kontena. Upashe kwenye kikaango kikavu, dakika mbili.

Na kama uyoga umekaa siku tatu kwenye friji, umesinyaa kidogo lakini hautelezi wala kunuka, usiutupe. Umeshapoteza sehemu ya maji yake na utashika rangi mapema kuliko ule uliotoka sokoni leo. Uweke kwenye trei, nyuzi 220, na uanze kuuangalia kuanzia dakika ya 15.